Aliyekuwa Akimeza Kete

Mke wa mwandishi alikuwa akikunja nguo aliposikia mtu akimeza kitu kwa shida ndani ya chumba cha makaratasi. Chumba kilikuwa kimefungwa. Mumewe alikuwa ametoka na ufunguo.

Mle mlikuwa na makasha kumi na moja: kaseti, daftari na picha alizokusanya enzi zake gazetini, akiwafuatilia wauza unga. Sasa alikuwa akizichambua aandike riwaya.

"Baba Watoto, kuna mtu mle," alimwambia aliporudi.

"Panya."

"Panya gani anakohoa kama mwanamke?"

Mwandishi alicheka, lakini cheko lake lilikatika katikati. Siku ya tatu ilikuja harufu ya nailoni iliyoungua, ikapenya kwenye mashuka, kwenye unga wa ugali, kwenye nywele za mke, na Ijumaa, mchana kweupe, mwandishi akiwa mezani na kalamu mkononi, koo lake likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, macho yamemtoka pima, na kinywani mwake ikatoka sauti ya msichana ikihesabu taratibu: sabini na sita, sabini na saba, sabini na nane.

Mganga aliyeitwa alikuwa bibi mfupi asiye na maneno mengi. Alifukiza, akauliza, "Wewe nani?"

"Nilimeza kete zao, unga uliofungwa kwenye nailoni," sauti ilijibu. "Nikamsimulia huyu. Nikamwambia, kaka, mtaa wangu usiutaje. Akautaja. Walinifuata asubuhi, sijanawa uso."

Mke alimgeukia mumewe. "Kweli?"

Mwandishi alipopata pumzi alifuta mate. "Habari bila mahali si habari," alisema.

Mganga alimvuta mke pembeni. "Mwanangu, huyu si marehemu," alinong'ona. "Wafu hawarudi. Ni jini, limeivaa sauti ya marehemu. Nitalitoa, ila mumeo akakiri kwanza kwa mama wa binti."

"Siendi," mwandishi alisema mkewe alipomweleza. "Nikaseme nini?"

Basi mke akaenda peke yake. Mama wa binti alimsikiliza mpaka mwisho, hakutoa chozi.

"Mumeo namjua," alisema. "Alikuja kunipa pole, akarekodi kilio changu. Hata maiti sikuletewa. Miaka tisa sasa." Alisimama, akajitanda khanga. "Nipeleke."

Walipofika, mganga alikuwa ameshaanza kazi bila kungoja kukiri, na jini lilikuwa limemtoka mwandishi likakimbilia chumba cha makaratasi. Mama alimshika mkono. "Usilitoe."

"Mama, si mwanao huyo. Litakunyonya mpaka uishe."

Mama alisogea kwenye mlango wa chumba hicho, uliokuwa wazi. "Mwanangu?"

"Abee, mama," ilijibu sauti kutoka ndani, nyororo, kama mtu aliyetoka kuamka.

Mwandishi, aliyejibana ukutani, alianza kulia.

"Najua si yeye," mama alimwambia mganga. "Lakini sauti ni yake."

Akaingia, akafunga mlango kwa ndani.