Tundu Ndani ya Mguu wa Kiti

"Caroline, wewe uko na shida gani na viti vyangu?"

"Niko na shida na miguu, Katoo."

Wafanyakazi wakacheka. Katika kiwanda kimoja cha plastiki pale Kitengela, walizoea kumtania Caroline, mkaguzi wa bidhaa, kwamba anakagua miguu ya kiti kama mtu anayenunua punda. Siku hiyo alikuwa amekataa kupitisha viti mia moja na sitini, na lori la kuvipeleka kanisani Kajiado lilikuwa langoni. Katoo, msimamizi wa zamu, akamwambia mbele ya wote kwamba anachosha watu kazini kwa sababu nyumbani hana wa kumchosha.

Mngejua, wenzangu. Nyumba iliyokuwa tupu ni ya Katoo mwenyewe. Kwa miezi mitatu mkewe, Nasieku, alikuwa Illasit akimuuguza Yeyo, mama mzazi wa Katoo, aliyevunjika nyonga akiwa ameketi tu uani akichambua maharagwe. Kiti kilimwangusha. Huku Kitengela, Katoo alipika ugali wa mtu mmoja, akaula amesimama, redio ikiongea ili nyumba isinyamaze.

Kiti hicho alikipeleka yeye, zawadi. Alipokwenda kumwona mama akakigeuza, na chini ya kikalio akakuta alama ya zamu yake. Mguu ulikatika pale unapoungana na kikalio, penye plastiki nene, na ndani mlikuwa na tundu kama mfupa wa kuku. Alijua limetoka wapi. Alikuwa amepunguza sekunde za kushindilia plastiki katika kalibu, chombo kinachoipa umbo, na sekunde za kuipoza, ili zamu yake ishinde ya Bedan, msimamizi mwenzake, kwa wingi wa viti. Nasieku alipouliza, akasingizia jua kali. Tangu hapo aliogopa maswali, akawa anakata simu mapema, na upweke ukazidi.

Caroline alichukua msumeno, akakata mguu wa kiti kimoja, akamwekea Katoo mkononi. Tundu lilikuwemo. Kisha, kwa sababu ni mtu wa adabu hata akiudhika, akauliza, "Yeyo anaendeleaje?"

Hakujua lolote juu ya kile kiti cha Illasit. Aliuliza tu kama wanavyouliza watu. Katoo aliutazama ule mguu.

"Ambia dereva arudi bila viti," alisema.

Akarudisha sekunde zote kwenye mashine, akabeba kiti cha kwanza mwenyewe hadi kwenye krasha, kikasagwa. Kabla ya kubeba cha pili alimpigia mkewe.

"Nasieku, halikuwa jua. Kiti kilitoka kwa zamu yangu, na nilijua."

Nasieku akaanza kuuliza maswali. Safari hii Katoo hakukata simu.

Funzo

Nyinyi mnaoendesha mashine, plastiki haina haraka yenu. Ishindilieni hadi kalibu ijae, muipe muda wa kupoa, na sehemu nene mzikate mwone ndani, maana nje kiti kibovu hung'aa kama kizuri. Anayewaonyesha kasoro msimcheke. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Katoo alificha tundu dogo, akakaa nalo peke yake miezi mitatu, na mama yake hadi leo anatembea kwa mkongojo.