Jicho la Wangui Lisilofumba

Ilianza na uji. Wangui, mtoto wa miaka mitano, alikunywa uji asubuhi ukamtoka upande wa kushoto wa mdomo. Mama yake, Nyawira, alimfuta akimcheka. Mchana alipolala, jicho la kushoto lilibaki wazi, likimtazama baba yake, Ngatia.

Ngatia aliujua uso ule. Mama yake mzazi, Wangui mkubwa, alifia hapa hapa Naro Moru, uso umepooza upande huohuo. Alimwita mwanawe siku tatu. Ngatia alikuwa mlimani akibeba mizigo ya watalii, akasema atashuka Jumamosi. Aliposhuka alikuta jeneza. Binti yake alipozaliwa alipewa jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi, na Ngatia humwita "mami".

"Amerudi," alinong'ona.

"Twende hospitali, Baba Wangui."

"Ati hospitali? Daktari atamfanya nini mtu amekufa?"

Mtu anayelijua kosa lake, hata mlango ukilia hudhani anaitwa. Alama nyeusi zilipotokea mapajani mwa mtoto aliona vidole vya mama yake, na fizi zilipotoa damu na chumba kikanuka kutu alisema ni harufu ya ugoro wake, na homa ilipopanda na mtoto akawa analia akiguswa tu, alimfuata mganga, Mzee Muchiri, ambaye alimwaga uji kaburini kisha akamwamuru apige magoti mbele ya mtoto.

"Mami, nisamehe. Uliniita, sikukuja."

Wangui alimtazama kwa jicho lile.

"Nimekusamehe, baba," alisema polepole, kwa nusu ya mdomo. "Sasa nipeleke hospitali. Mifupa inauma."

Huko Nyeri daktari alisema ni saratani ya damu, na kwamba kwa mtoto, mara chache, uso kupinda huwa dalili ya kwanza.

"Ilianza lini?"

"Wiki saba," Nyawira alijibu, bila kumtazama mumewe.

Walimtibu, lakini damu ilikuwa imechoka. Siku tatu za mwisho Wangui alimwita baba yake, na kila mara Ngatia aliitika, "Niko hapa, mami." Mtoto alipokata roho, Ngatia alilifumba lile jicho kwa kidole. Likafunguka tena.

Tangu hapo, kila asubuhi, Ngatia huinua kichwa mezani na kuitika, "Niko hapa, mami." Nyawira alidhani ni huzuni tu. Juzi, akikoroga uji, alisikia mtoto akiita.