Kamba ya Tin-Tamat

Subira huvuta heri, husema walioshiba. Katika kijiji cha Watuareg cha Tin-Tamat subira ilivuta mizoga: ng'ombe kumi na wanane tangu mwezi uandame, na wote walikufa matumbo yamejaa maji.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wanawake walifika kisimani na punda wao. Ndoo ya ngozi ilikuwa imelala ukingoni peke yake. Kamba haikuwepo. Pima arobaini za ngozi iliyosokotwa, kamba pekee ya kijiji, ilikuwa imetoweka kwenye kapi, gurudumu la mti juu ya kisima.

Viriba vyenye maji vilibaki vinne kijiji kizima. Vingefika jioni, si zaidi. Kisima kingine kilikuwa kusini, mwendo wa siku mbili.

Kufikia saa moja vijana walikuwa wamemfunga Gidado, mchungaji wa Kifulani aliyenywesha ng'ombe hapo jana, na mdomo wake ulikuwa unavuja damu. Mkuu wa kijiji, Ghoumour, akamwita Tatrit, mjane aliyezoea kuwafuata ngamia waliopotea mpaka awapate.

"Umechelewa, binamu," Ghoumour alisema nyuma ya kilemba kilichomziba mdomo. "Umepata mume?"

"Wanaume wazuri wote walikufa, ukabaki wewe."

Tatrit alichuchumaa akashika mkono wa ndoo.

"Hapa hapajakatwa. Fundo limefunguliwa. Fundo lililolowa na kukauka miaka mitatu! Mwizi angekata akakimbia. Huyu alitaka kamba nzima."

"Mfulani huiba hata kivuli cha mti," kijana mmoja alifoka.

"Na Mtuareg hukikalia mpaka jua lizame," Gidado alijibu. "Dada, nimebakiwa na ng'ombe sita. Niibe kamba nikawanyweshe wapi, mbinguni?"

Tatrit aliitazama kandambili ya tairi ya Gidado, kisha akatazama mchanga.

"Nyayo zake ziko chini ya kwato za mbuzi. Mbuzi waliondoka jana jioni, yeye alitangulia. Mfungueni."

Aliifuata njia ya punda. Kila siku punda huvuta kamba kutoka kisimani, hufika mwisho wa njia, hugeuka. Leo alfajiri mmoja hakugeuka. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye mahema, na huko nyayo zake zikapotea kati ya nyingine.

"Basi tumekwisha," alisema Ghoumour.

Tatrit aliinua macho kwenye kapi. Kila asubuhi nyuki hulizonga, kwani katika nchi hii kavu kamba ya kisima ndiyo pekee yenye unyevu. Leo hapakuwa na hata mmoja.

Akaanza kupita hema baada ya hema, macho chini, masikio wazi. Saa tatu alisimama. Nyuma ya hema moja palikuwa na mkeka uliokunjwa, mnene kupita kiasi, na nyuki walikuwa wanatembea juu yake.

"Hilo ni hema la mama yangu," Ghoumour alisema. "Rudi nyuma."

"Nyuki hawajui ukoo, binamu."

Bibi Assalama alitoka mwenyewe. Hakumzuia Tatrit kuufungua mkeka. Kamba ilikuwa ndani, nyeusi, imelowa, imezungushwa kwa uangalifu.

"Ulilifunguaje lile fundo, mama?" Tatrit aliuliza.

"Nililifunga mimi. Nilijua pa kuanzia."

Kilemba kilimteleza Ghoumour hadi kidevuni. Mwanaume wa Kituareg haonyeshi mdomo mbele ya mama yake, na hakuna aliyewahi kuuona wake. "Ulitaka kutuua?"

"Mnakufa tayari! Wale ng'ombe walikufa kwa kiu? Kwa njaa! Nyasi ziko mwendo wa siku nzima, na kila wakizifikia, kisima hiki kinawarudisha. Miezi miwili unaniambia tungoje mvua. Mjukuu wangu alikufa akinyonya ziwa kavu, wewe unangoja. Gidado alisema kusini kumenyesha, mkamcheka. Bila kamba mngehama leo, wanyama wakiwa bado wana miguu. Nayo kamba ingefungwa kwenye kisima cha kusini."

"Kwa viriba vinne?" Tatrit aliuliza. "Watoto wangefika?"

Bibi kizee aliinua ukuta wa hema. Viriba tisa vilivyojaa vilikuwa vimening'inia kivulini. Alikuwa amevijaza vyote usiku, kabla ya kulifungua fundo.

Kisha mwanamke mmoja akaenda kung'oa nguzo ya hema lake. Wa pili akafuata. Mahema ni ya wanawake. Yakishuka, mwanaume hana pa kungojea.

Ghoumour aliwatazama, akamgeukia mama yake. "Basi waombe radhi, mama. Umewatisha watu. Mtu amepigwa kwa ajili yako."

"Gidado akitaka kunipiga, fimbo ile pale. Ninyi mliompiga bila kuuliza, mwombeni wenyewe." Alijitwika kamba begani, maji yakamchuruzika mgongoni. "Mimi siombi radhi. Pakia punda."