Tabibu wa Daraja la Nne

Duka la vifungo lilifurika siku hiyo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kila fundi cherehani wa mjini alikuwa ameegemea kaunta akidai zipu, uzi na lastiki. Binti mmoja fundi, mwembamba, gauni lake la samawati lina kola nyeupe aliyoitia kwa mkono wake, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, alikuwa nyuma ya kijana aliyewachelewesha wote. Kijana alichagua kifungo kimoja kimoja, kila kimoja na namna yake: cha mfupa, cha shaba, na kimoja chekundu kikubwa kama cha koti la mzee mnene.

"Kaka, hilo ni shati la nani lenye vifungo visivyofanana?"

"Si shati, dada. Hawa ni majini. Huyu mwekundu ndiye mkubwa wao."

Watu wakacheka, naye akacheka. Kuelezwa habari za majini hao kukawafikisha wote wawili hadi kwenye kibanda cha kijana, maana yeye alikuwa fundi simu. Akamwambia kuwa vifungo vile ni vya mchezo wa mezani. Kila mtu huchukua mtu wake wa hadithini pamoja na kazi yake, mpiganaji, tabibu, mchawi au mwizi, akamwandika kwenye karatasi yake. Mmoja husimulia, dadu huamua. Mkishinda vita, watu wenu hupanda daraja. Msimulizi alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu. Na mpiganaji ambaye kijana mwenyewe alimchezea hakuwa wake. Alitungwa na mdogo wake, aliyechukuliwa na homa angali kijana.

"Maadamu huyu yupo, mdogo wangu hajaisha," alisema, ameinamia simu iliyopasuliwa tumbo, asimtazame.

Basi binti akaingia mezani kila Jumamosi mchana, akawa tabibu. Kijana akamwita Sindano, naye akamwita Bwana Vifungo. Simu zikaanza: asubuhi kuulizwa kama ameamka, jioni kama amekula, mpaka mama yake akasema simu ile ingekuwa mbuzi ingekwisha zaa. Wakapatana kwamba mchezo ukimalizika, Jumapili ya pili yake kijana atakuja kujitambulisha kwa mama. Mwalimu naye hakusubiri, akaanza kumwita binti wifi.

Lakini tabibu hukaa nyuma. "Wewe unanitazama nikipigwa kama anayetazama mvua dirishani," kijana alimtania, na utani huo ukamwingia binti. Sheria ziliruhusu mtu mmoja kuchanganya kazi mbili. Akamwomba wifi yake amfanye mpiganaji pia, apate kusimama ubavuni pa mpenzi wake. Mwalimu akamkumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka, kisha akamweleza kwamba hata hivyo madaraja hujumlishwa. Binti alishika hilo la mwisho. Vita hivi akapanda huku, vita vile akapanda kule, hata akafika madaraja manne ya utabibu na matatu ya upiganaji. Kila mtu mezani alijua kuwa tabibu wa daraja la saba humfufua mfu. Manne na matatu ni saba. Hakuona haja ya kuuliza.

Jumamosi ya mwisho, mlangoni kwa jini mwekundu, kijana alisita, dadu mkononi.

"Sindano, nikianguka utaniinua?"

"Nitakuinua."

"Kweli, mpenzi?"

"Kwani nilikudanganya lini? Nenda."

Akaenda mbele peke yake, jambo ambalo miaka yote hakuthubutu kulifanya. Dadu zikamkataa, zikamkataa tena. Mpiganaji akaanguka. Binti akatabasamu, akasema anamwinua.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akaeleza polepole, kama anayemsahihisha mwanafunzi ampendaye, kwamba jumla ile hutumika kwa nguvu za mwili tu. Kufufua huangalia utabibu peke yake.

Kisha mwalimu akamgeukia ndugu yake. "Mimi ndiye msimulizi. Nikisema kaamka, kaamka."

Kijana akatikisa kichwa. Mdogo wake hakuwahi kuiba hata dadu moja. Tena yeye mwenyewe marehemu ndiye aliyeweka sheria kuwa karatasi ya aliyekufa huchanwa na mwenye kumchezea. Kijana akaichana karatasi ile yenye mwandiko wa marehemu, taratibu, kama mtu anayefumua mshono asiumize kitambaa.

Tangu hapo kijana hakupokea simu za binti. Mwalimu alipiga mara moja kumpa binti pole, akamwita "mdogo wangu". Binti akasikia pengo pale lilipokuwa neno wifi. Ijumaa ndipo kijana alipopiga mwenyewe.

"Umenisamehe?" binti akamuuliza.

"Nilikusamehe pale pale. Hukujua."

"Basi Jumapili..."

"Nakupenda, Sindano. Lakini nikiisikia sauti yako, naisikia inaniambia nenda, na namwona anaanguka. Hata sasa hivi nimemwona."

"Nitanyamaza. Nitakaa nawe nisiseme kitu."

"Hiyo haitakuwa ndoa. Yatakuwa matanga yasiyoanuliwa."

"Ilikuwa karatasi tu," binti akasema, akajuta neno likiwa bado mdomoni.

"Ndiyo," kijana akajibu kwa upole. "Ndiyo iliyokuwa imebaki." Simu ikakatika.

Jumapili mama yake aliamka mapema, akapiga pasi gauni lake la zambarau, akatandika kitambaa cheupe mezani. Binti alikuwa hajapata mdomo wa kumwambia.

"Fundi wako anafika saa ngapi, mwanangu?"

"Ana kazi nyingi, mama. Huenda akachelewa."

"Fundi mzuri hakosi kazi," mama akasema, akavuta kiti hadi mlangoni, ili yeye awe wa kwanza kumkaribisha.

Binti akageukia cherehani, akaingiza sare ya mtoto wa watu chini ya sindano, akakanyaga pedeli kwa nguvu ili mama asimsikie akilia.