Paa la Kuficha

Jumamosi duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu. Muuza mabati, mwanamke mwenye gauni la bluu lililomkaa vizuri, aliinua macho kumwita mteja anayefuata, akamtambua papo hapo. Mbele yake alisimama mpenzi wake wa zamani, mwalimu aliyemwacha miaka mitatu iliyopita, wiki moja kabla ya posa, kwa ujumbe wa simu: nimeondoka, usinitafute tena.

Mwalimu naye aliduwaa. Akajikaza, akaeleza kwamba kuta za nyumba anayojenga zimekwisha, sasa anataka paa la mgongo, lile la miteremko miwili, na mabati manene.

Mwanamke akatabasamu. Kwa miaka mitatu alikuwa ameiomba siku hii.

"Paa la mgongo limepitwa na wakati, mpenzi," alimwambia kwa sauti ya asali. "Weka la kuficha."

Akamsifia paa lililolala karibu bapa nyuma ya ukuta mfupi. Hakumwambia kwamba maji hutuama humo, wala kwamba mabati aliyomchagulia ndiyo membamba kuliko yote dukani. Mwalimu akanunua, akachukua na namba yake ya simu. Mwanamke aliporudi nyumbani alijilaza akiwazia godoro la mwalimu likielea.

Mwalimu akawa anapiga simu kila siku. Leo rangi, kesho misumari, na mwanamke alimjibu kwa madaha huku akihesabu siku za kufika masika. Alhamisi mchana, mwalimu alishindwa kujizuia.

"Mumeo hakasirikii simu zangu?"

"Mume gani?"

"Kaka yako alinifuata shuleni wakati ule, kabla sijakuposa. Alisema umekubali posa ya mtu mwenye nyumba yake, na kwamba wewe ndiye uliyemtuma aniambie. Ndiyo maana nikaondoka, nikaanza kujenga, kwa hasira tu."

Mwanamke alikaa juu ya rundo la mabati.

"Sikumtuma mtu. Nililia mwaka mzima." Kisha akakumbuka paa. "Mafundi wameshapigilia?"

"Wanaanza kesho."

"Wazuie. Paa hilo lingevuja hadi kitandani kwako. Nilikusudia."

Akangoja atukanwe.

"Mkatili wewe," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa na kicheko chenye machozi. "Nami nilistahili, kwa kutokukuuliza. Njoo uchague upya, laazizi. Chagua kama mwenye nyumba."

"Nakuja," mwanamke alijibu, akichukua mkoba wake. "Nikishamalizana na kaka."