Plau ya Kwenda Ukweni

Osundwa alikuwa na trekta. Haikuwa mpya. Rangi yake ya bluu ilikuwa imebanduka, na kiti chake kilikuwa kimeshonwa kwa gunia. Lakini Osundwa aliipenda kupita kiasi. Kila asubuhi aliipangusa vumbi kabla hajanawa uso wake mwenyewe.

"Baba Sydney, ulioa mimi ama hiyo chuma?" mkewe Maximilla alimwuliza siku moja.

"Nilioa wewe kwanza. Hii ilikuja baadaye."

"Basi mke wa pili anapanguswanga kuliko wa kwanza!"

Walicheka wote wawili. Walikuwa watu wa kucheka, na ndiyo maana ninapenda kusimulia habari zao.

Nyumba yao ilikuwa Musanda, katikati ya mashamba ya miwa. Mwaka ulikuwa 1995. Kwa miaka kumi na miwili Osundwa alikuwa ameendesha trekta za watu wengine. Alivuta trela za miwa, usiku na mchana, mvua na jua. Kuvuta trela alijua sana. Kulima hakujua sana, lakini hilo hakulisema kwa mtu.

Mwezi wa pili ulipofika, Maximilla alipata habari kutoka kwao Khwisero. Mama yake, Mama Rachael, alikuwa mjane. Mungu alimpa mabinti wanne na hakumpa mtoto wa kiume. Mwaka uliopita alilima ekari zake tatu kwa jembe la mkono. Mvua ilimkuta hajafika nusu. Alichelewa kupanda, akavuna magunia manne tu. Kufika Krismasi alikuwa ananunua unga wa obusuma, ugali wetu, dukani, mwanamke ambaye maisha yake yote alikula mahindi yake mwenyewe.

"Mama hawezi kurudia mwaka kama ule," Maximilla alisema. "Mwili umechoka."

"Nitamlimia mimi," Osundwa alijibu mara moja. "Kabla ya mvua. Nimesema."

Maximilla alifurahi mpaka akamwongezea mboga kwenye sahani.

Sasa kazi ilikuwa kutafuta plau. Jirani yao Simiyu alikuwa na trekta kubwa ya kulima mashamba ya miwa. Plau yake ilikuwa na diski tatu, sahani za chuma za kukata udongo, pana na zenye kung'aa. Osundwa alikuwa ameitazama plau hiyo mara nyingi. Alipofika mjini kwa muuza vyuma vikuukuu, alikuta plau mbili za kuuzwa. Moja ilikuwa na diski mbili. Nyingine ilikuwa na diski tatu.

"Trekta yako ina nguvu ya farasi wangapi?" muuzaji alimwuliza.

"Arobaini na saba."

"Basi angalia hii ya diski mbili."

"Niende ukweni na diski mbili?" Osundwa aliuliza. "Watu wataniona namna gani? Nipe hiyo kubwa."

Mimi simlaumu. Ukweni ni ukweni. Kwa watu wa huku, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka wanaogopana. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Wakitaka kuambiana jambo, wanamtumia mtu wa katikati. Mtu akienda mahali kama hapo anavaa shati lake zuri. Osundwa yeye aliivalisha trekta yake plau ya diski tatu.

Walifika Khwisero asubuhi ya Jumatatu, Osundwa kwenye usukani na Maximilla nyuma yake kwa gari la abiria. Watu walikuwa wamejaa. Walikuja majirani, watoto, na akina mama wa kanisa. Mama Rachael alisimama mbali, karibu na jiko lake, akiwa ameuelekeza uso pembeni kama desturi inavyotaka.

"Mulembe, mama," Osundwa alisalimu kwa mbali.

"Mwambie mulembe," Mama Rachael alimwambia binti yake.

Shamba lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya juu ilikuwa na udongo mwekundu, na visiki vya miti iliyokatwa. Sehemu ya chini, karibu na kijito, ilikuwa na udongo mweusi. Osundwa aliona kwamba sehemu ya chini ndiyo inayoonekana vizuri kutoka barabarani. Akaelekea huko.

Mama Rachael alimvuta Maximilla mkono. "Mwambie baba Sydney hii udongo ya chini ni ya kufinyanga nyungu. Mama yangu alichotanga hapa. Na juzi mvua kidogo ilinyesha. Aanzie juu."

Maximilla alikimbia na ujumbe.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi," Osundwa alijibu. "Trekta haijui mambo ya nyungu."

Akashusha plau. Akatia gia. Trekta ilikwenda hatua kumi, kisha ikaanza kuunguruma vibaya. Moshi mweusi ulitoka. Tairi kubwa za nyuma zilizunguka bure na kurusha matope. Osundwa akakanyaga mafuta zaidi. Tairi za mbele zikainuka juu, na akina mama wa kanisa wakapiga kelele, "Uwi!" Osundwa akaachilia mafuta haraka. Tairi za mbele zikaanguka chini, na zile za nyuma zikawa zimezama nusu.

Alijaribu kwenda mbele. Alijaribu kurudi nyuma. Trekta ilizidi kuzama.

Mwishowe mzee Hezekiah, jirani wa Mama Rachael, alileta ng'ombe wake wanne na mnyororo. Ng'ombe wakaivuta trekta. Watoto walishangilia ng'ombe. Osundwa alitembea kando akiwa na matope mpaka kifuani, na shati lake zuri lilikuwa limekwisha. Hakumtazama mtu. Aliona afadhali kama angezama na yeye.

Wakati huo pikipiki ilisimama barabarani. Alishuka mwanamke aliyevaa gambuti na kofia ngumu. Alikuwa Beldina, afisa wa kilimo wa Khwisero. Wakulima wote walimjua.

"Leo nimeona mapya," Beldina alisema. "Ng'ombe wanalima na trekta!"

Watu walicheka. Osundwa hakucheka. Beldina aliona uso wake, akaacha mzaha.

"Pole, ndugu yangu. Hujaharibu kitu?"

"Nimeharibu jina," Osundwa alisema kwa sauti ndogo. "Nilinunua trekta ndogo. Sasa nimejua."

"Hapana. Trekta yako haina makosa. Umeibebesha mzigo wa trekta nyingine. Njoo nikuonyeshe."

Beldina aliinama na kuchukua udongo mweusi kiganjani. Akaufinya. Ukawa donge laini. Akaufikicha kati ya vidole viwili, ukatoka kama utepe mrefu bila kukatika.

"Unaona? Huu ni udongo wa mfinyanzi. Ukilowa unanata. Ukikauka sana unakuwa jiwe. Kuukata kunataka nguvu nyingi. Sasa twende juu."

Walipanda mpaka kwenye udongo mwekundu. Osundwa aliufinya mwenyewe. Donge lilishikana kidogo, kisha likavunjika. Alipojaribu kuutoa utepe, ulikatika mfupi.

"Huu ni mwepesi kuliko ule," Osundwa alisema.

"Vizuri! Kwa hivyo diski moja huku inavutika rahisi, na diski hiyo hiyo kule chini inavutika kwa shida. Ndiyo sababu mtu hanunui plau kwa macho. Anaangalia trekta, halafu anaangalia udongo."

"Trekta yangu ni farasi arobaini na saba."

"Sasa fanya hesabu ya kukadiria. Kwa udongo mzito, weka farasi ishirini kwa kila diski. Diski tatu zinataka farasi wangapi?"

"Sitini."

"Na wewe unao?"

"Arobaini na saba." Osundwa alijikuna kichwa. "Nimepungukiwa."

"Diski mbili?"

"Arobaini." Uso wake ulifunguka kidogo. "Inabaki na pumzi ya juu!"

"Ndiyo. Na lazima ibaki na pumzi. Hii ni hesabu ya kukadiria tu. Ukinunua plau, uliza inataka trekta ya nguvu gani. Halafu ukiwa shambani, sikiliza. Moshi mweusi ukitoka, tairi zikizunguka bure, ama mbele ikiinuka, simama. Trekta inakwambia imeshindwa. Ukilazimisha, inaweza kukupindukia na kukuua."

 Osundwa alikumbuka tairi za mbele zikiwa hewani. Maximilla, aliyekuwa akisikiliza, akamshika mkono mbele ya watu wote.

"Kuna plau nyingine nimeona," Osundwa alisema baadaye. "Haina diski. Ina vyuma vilivyopinda kama bawa, vya kugeuza udongo."

"Hiyo ni nzuri sana mahali udongo ni laini na safi. Inageuza majani yote chini. Lakini hapa kuna visiki. Ile ikigonga kisiki inanasa na kuvunjika. Diski inazunguka, inapanda juu ya kisiki na kushuka. Kwa shamba la mama, baki na diski. Lakini ziwe mbili."

"Na kule chini kwenye nyungu?"

"Kule ngoja. Usilime kukiwa na maji, kwa sababu utatoa matofali, siyo udongo wa kupanda. Chukua donge, lidondoshe chini. Likibaki donge, rudi nyumbani. Likivunjika, lima."

Mama Rachael alikuwa amesikia yote kutoka pembeni. Alimwambia binti yake kitu. Maximilla akasita, akacheka, kisha akasema, "Mama anasema hiyo ya kudondosha donge yeye anajuanga tangu akiwa msichana. Lakini hakuna mtu alimwuliza."

Osundwa aliinamisha kichwa. "Mwambie mama nimekosa. Nilitaka watu waone plau. Nikasahau shamba."

Jioni hiyo walirudi Musanda. Osundwa alikwenda moja kwa moja kwa Simiyu. Haikuwa rahisi. Simiyu alikuwa mtu wa maneno mengi, na habari ya ng'ombe wanne ilikuwa imefika kabla yake.

"Karibu, mwalimu wa ng'ombe!" Simiyu alisema.

"Cheka umalize, ndugu yangu. Halafu unisaidie." Osundwa alimweleza hesabu yote ya farasi na diski. "Wewe trekta yako ni farasi sabini na tano. Na hapo chini ya ghala nimeona plau ya diski mbili. Unaitumianga?"

"Hiyo ilikuwa ya trekta yangu ya zamani. Kwa hii ya sasa ni mchezo wa watoto."

"Basi tubadilishane. Chukua yangu ya diski tatu. Ile unayolimia sasa imeanza kuisha makali."

Simiyu alikwenda kuitazama plau ya Osundwa. Aliigonga kwa spana. Aliizunguka mara mbili. Wakakubaliana, wakapeana mikono, na Simiyu akamsaidia kuifunga ile ya diski mbili na kuitia grisi. Alicheka muda wote, lakini alifunga vizuri.

Alhamisi walirudi Khwisero. Safari hii watu walikuja wengi zaidi, maana walitaka kuona ng'ombe tena. Osundwa hakuwajali. Alianzia juu. Plau iliingia kwenye udongo mwekundu kwa utulivu, na trekta ikaenda bila moshi. Kwenye visiki, diski zilipanda na kushuka kama Beldina alivyosema. Udongo uligeuka, mstari kwa mstari, na ndege weupe wakaja kufuata nyuma kutafuta wadudu. Kufika Ijumaa saa nane, sehemu ya juu ilikuwa imekwisha.

Osundwa alizima trekta. Alimwita mkewe.

"Muulize mama, udongo wa chini umekaaje leo?"

Maximilla alimtazama mumewe kwa muda. Nafikiri siku hiyo alimpenda kuliko siku ya harusi. Akaenda kuuliza.

 Mama Rachael alishuka polepole mpaka kwenye kijito. Alichukua donge la udongo mweusi, akaliinua mpaka kiunoni, akaliachia. Likabaki donge.

"Mwambie bado," alisema.

Osundwa alingoja. Jumamosi mama alidondosha donge lingine. Bado. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa ziwa, na majirani wakasema, "Lima, wewe! Mvua itakukuta." Osundwa alitazama wingu, akamtazama mama mkwe wake kwa mbali, akaendelea kungoja. Jumapili walikwenda kanisani.

Jumatatu asubuhi donge lilianguka na kupasuka vipande vipande.

"Mwambie alime!" Mama Rachael aliita, na safari hii sauti yake ilisikika mpaka kwa Hezekiah.

Osundwa alilima udongo wa nyungu kwa gia ya chini, polepole, bila kusimama. Tairi hazikuteleza. Alimaliza saa kumi. Baada ya siku tano akapiga haro ya kuvunja mabonge, na wanawake wakapanda. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wakiwa wanamalizia mistari ya mwisho. Hakuna aliyekimbilia nyumbani. Mama Rachael alisimama katikati ya shamba na kuacha imnyeshee.

Mwezi wa nane alivuna magunia arobaini na mawili. Maximilla alikwenda kumsaidia kupukuchua. Aliporudi Musanda, alimkuta Osundwa amelala chini ya trekta, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Baba Sydney, nina maneno kutoka kwa mama."

"Sema, nasikia."

"Jana sokoni mwanamke mmoja alimwuliza, 'Nani alikulimia namna hii?' Mama akasema, 'Ni kijana wangu.' Yule akashangaa. 'Rachael, si wewe ulizaa wasichana tu?' Mama akamwambia, 'Niko na mmoja wa kiume. Anaishi Musanda. Hatusalimianangi kwa mkono, lakini ni wangu.'"

Miguu ya Osundwa ilitulia. Hakutoka chini ya trekta kwa muda mrefu.

"Unafanya nini huko?" Maximilla aliuliza.

"Natafuta spana," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito.

Maximilla aliinama akachungulia. Spana ilikuwa mkononi mwa mumewe.