Siku Umwali Hakuonja

Asubuhi ile Umwali alikuwa anabandika etiketi kwa chupa, na gundi ya unga wa mihogo, ndani ya soko ya Kamembe. Alivaa kitenge ya njano na hijabu nyeusi. Bantu walikuwa wanasukumana, muuza viatu amefungulia muziki kwa nguvu, lakini tangu maman yake azikwe, miezi sita ile, kila kitu kilikuwa kinamfikia kama kwa mbali.

Kijana moja akapiga chafya juu ya meza yake.

"Eh, Papa! Hizi ni za kuuza!"

"Pardon, maman. Ni vumbi ya muchele. Natumika kwa mashini kule Bugarama." Vumbi ilikuwa mpaka kwenye kope. "Angalia hii mikono, kama ya muntu alikufa jana. Hii mafuta inafanya nini?"

"Unapaka, unakula. Matunda ya avoka tupu, ya Nzahaha. Nakamua mimi mwenyewe. Na bei ni kidogo kuliko zile krimu za ng'ambo."

"Na mwenye kukamua, ameolewa?"

Umwali hakucheka. Alimimina kidogo kwa kijiko, akaonja yeye kwanza, njo akamimina tena akamupa. Huku kwetu njo vile: mwenye kukupa kitu cha kinywa anaanza yeye, ujue hakuna sumu. Kijana akalamba kijiko kile kile.

"Ngoja nikupe ingine safi."

"Sitaki ingine. Naitwa Cyusa."

Kila siku ya ine ya juma alileta muchele Kamembe, na kila siku ya ine alinunua chupa. Mikono ikalainika. Akaanza kupiga simu.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Weye! Unanipenda ao unanisomea rapport ya polisi?"

"Nakupenda," Umwali akasema, na sauti ile ile ya kutaja bei. Cyusa akacheka mpaka akakohoa. Alipokata, Umwali alikuta bado ameshika simu kwa sikio.

Siku moja Cyusa akasema, "Maman anataka kukuona. Siku ya yenga, wakitoka kanisa, kwetu Mururu. Amesema mukristo ao muislamu, yeye anaangalia roho tu. Akikupokea, mwezi kesho natuma wazee kwenu."

Umwali alitamani ile kitu. Kusema tena "maman" na muntu aitike. Alikamua chupa kubwa, avoka zilizoiva vizuri, akavaa nguo yake ndefu, bubu ya zambarau. Lakini alikuwa amebakiza siku sita za kufunga za mwaka uliopita, na Ramadhani ilikuwa imebakiza siku sita. Hakuwa na siku ya kuruka.

Maman Cyusa alimukumbatia mlangoni. Sombe, majani ya mihogo, ilikuwa mezani, inatoa moshi. Kwenye kiti kikubwa alikaa Muzee Protais, kaka ya maman, na kravati yake ya kanisa shingoni.

"Mwanangu, tutamwagia hii mafuta yako kwa sombe. Onja basi, tukupokee," Maman Cyusa akasema.

Umwali alishika kijiko. Neno lilikuwa moja tu: nimefunga. Lakini Muzee Protais angeuliza, unafunga vipi na mwezi haujafika? Angejibu, nalipa. Unalipa siku gani? Zile ambazo mwanamuke hafungi. Mbele ya muzee mwenye kravati. Kinywa kikakataa.

"Leo siwezi, maman."

"Huwezi namna gani? Si ni mafuta yako?"

"Siwezi tu."

Hakuna muntu aliyepiga kelele. Maman Cyusa alirudisha kifuniko, akaweka chupa chini ya meza, polepole, kama anaweka mutoto amelala. Sombe nayo Umwali hakuigusa.

"Siye kule Bukavu," Muzee Protais akasema, bila kumuangalia, "tulizika bantu sababu ya chai tu, chai ambayo mwenye kuileta hakuonja."

Barabarani Cyusa alisimama. "Umwali, niambie kitu moja. Hata uongo."

Umwali aliangalia viatu vya Cyusa. Alikuwa amevipiga brashi kwa sababu ya Umwali.

"Sina kitu ya kusema."

Cyusa akamusimamishia moto, pikipiki ya kumurudisha Kamembe. Hawakushikana mkono.

Siku ya ine Cyusa hakukuja. Ya pili, hakukuja. Muchele ililetwa na muntu mwingine. Mukundwa, anayeuza unga wa mtama kwa meza ya pembeni, akashindwa kunyamaza.

"Yule bwana ya vumbi iko wapi?"

Umwali akamwambia yote, kama anasimulia habari ya jirani.

"Na hukusema umefunga?"

"Muzee alikuwa pale."

"Yoo! Haya itakumaliza, mutoto ya bantu! Heri wakuone murogi kuliko useme? Andika. Simu haina macho."

Umwali aliandika, akafuta, akaandika:

"Cyusa, siku ile nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nalipa siku za Ramadhani, zile ambazo mwanamuke hafungi. Nilisikia haya mbele ya muzee. Mafuta haina kitu. Nilitaka maman yako anipokee. Nilitaka sana."

Akatuma. Alama mbili zikawa bluu palepale. Saa nane na dakika tano, imesomwa.

Akapima mafuta ya mama moja. Akafukuza nzi.

Saa kumi na moja, wakati bantu wanafunga meza, meseji ilikuwa bado imesomwa saa nane na dakika tano, bila jibu.